Mgonjwa Aliyekuja Peke Yake

Waheshimiwa viongozi wa chuo, walimu wenzangu, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliochagua viti vya karibu na mlango, habari za mchana.

Mada niliyopewa inasema "Nafasi ya daktari katika huduma ya afya ya chuo kikuu". Niliposomewa kwenye simu nilidhani haitafika dakika kumi. Daktari wa chuo anatibu wanafunzi, anaandika vyeti vya ugonjwa, jioni anafunga mlango. Wenzangu wa hospitali kubwa, niseme ukweli, ndivyo wanavyotuona: watu wa mafua na vyeti. Mmoja aliwahi kuniuliza ni lini nitarudi kwenye udaktari. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na leo nitajaribu kueleza kwa nini sijarudi.

Nianze na kijana mmoja. Nimebadilisha mambo madogomadogo ili asijulikane, lakini ile simu nitakayoitaja ni ya kweli. Alikuwa na miaka 18, wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza, amekuja kwa sababu insulini yake inakaribia kuisha. Kisukari chake ni kile cha utotoni, alichogunduliwa nacho akiwa na miaka tisa. Nikamuuliza swali la kawaida kabisa: usiku unachoma yuniti ngapi? Akanitazama. Akatazama mezani. Kisha akatoa simu mfukoni, akapiga, akaniletea sikioni: "Mama huyu, dokta."

Mama alijua kila kitu. Alijua dozi ya asubuhi na ya usiku, alijua jina la insulini ya zamani na mwezi walioibadilisha, alijua mara ya mwisho kijana kuzidiwa kwa sukari kushuka, na alijua kwamba mwanawe akianza kuwa mkali bila sababu basi apimwe haraka. Nikaandika yote. Nilipokata simu nikamwangalia yule kijana nikaelewa kitu ambacho sikufundishwa popote. Miaka tisa ni yeye aliyechomwa sindano, lakini aliyekuwa na kisukari, kwa maana ya kukihesabu na kukiogopa na kukiamkia usiku, alikuwa mama. Sasa mama amebaki nyumbani, na ugonjwa umekuja chuoni bila mwenyewe.

Fikirini jinsi watu wanavyofika kwa daktari kwingineko. Mtoto huletwa na mzazi. Mzee huletwa na wanawe. Aliyegongwa barabarani huletwa na wasamaria. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja mwenyewe, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza maishani kukaa kwenye kile kiti bila mtu mzima wa kumsemea. Hajui dawa gani inamdhuru. Hajui amechanjwa nini. Ukimuuliza kama kwao kuna mwenye presha anasema ngoja aulize. Hata kueleza maumivu ni kazi: "naumwa tu". Daktari wa chuo anamtibu, ndiyo, ila juu ya hapo ana kazi ya pili ambayo haiandikwi kwenye mkataba: kumkabidhi mtu huyu mwili wake. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Kazi yenyewe si ngeni. Katikati ya karne ya 19, rais wa Chuo cha Amherst huko Marekani, William Stearns, alikuwa akilalamika kwamba vijana wake wanavunjika afya kabla ya kumaliza masomo. Chuo kikaanzisha idara ya usafi wa mwili na mazoezi, na mwaka 1861 ikakabidhiwa kwa daktari, Edward Hitchcock mdogo, aliyeishika mpaka alipofariki mwaka 1911. Miaka 50. Alitibu, lakini zaidi alifundisha: jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kulala, jinsi ya kujinyoosha. Aliwapima wanafunzi urefu, uzito, kifua, mwaka baada ya mwaka, akajaza madaftari. Mambo mengine ya zama zile leo yanachekesha, ila jambo moja alilipata tangu mwanzo: walimpa daktari cheo cha mwalimu. Walielewa kwamba mgonjwa wa chuoni amekuja kujifunza, na mwili ni mojawapo ya masomo.

Sasa niwaonyeshe somo lenyewe linavyokuwa Jumatatu asubuhi.

Binti anaingia, koo linamuuma siku ya sita, tezi za shingo zimevimba, anasema anachoka mpaka kupanda ngazi ni safari. Na mwili mzima, kuanzia kifuani hadi mapajani, umejaa vipele vyekundu. Namuuliza amekunywa nini. Anasita. Kumbe mwenzake wa chumbani alikuwa na amoksilini zilizobaki, dozi ambayo hakuimaliza mwaka uliopita, akampa tano. "Yeye zilimsaidia." Daktari yeyote aliyezoea vijana hapo anajua anachokiangalia. Ni homa ya tezi, ile ambayo wengine huiita ugonjwa wa busu kwa sababu virusi vyake hupita kwenye mate. Antibayotiki haiviui virusi, na mtu mwenye homa hii akinywa amoksilini mara nyingi hutoka vipele vya namna ile ile. Miaka yote ijayo angeandika kwenye fomu kwamba amoksilini inamdhuru, kumbe mkosaji ni wakati aliouchagua kuinywa.

Ningeweza kumwandikia panado na mapumziko, akaondoka ndani ya dakika nne. Foleni ilikuwa ndefu. Lakini nilimpeleka mkono wake mwenyewe chini ya mbavu za kushoto nikamwambia: hapa ndani kuna bandama, kwa sasa imevimba, na bandama iliyovimba inaweza kupasuka ukipigwa. Kwa hiyo hakuna mpira wa kikapu kwa wiki tatu angalau, na ukipata maumivu makali ghafla upande huu usisubiri kesho. Akauliza swali zuri: "Kwa hiyo mwili wangu ndio utaitoa yenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi nimwambie na mwenzangu asigawe." Hiyo ni dakika kumi na mbili badala ya nne. Wanaohesabu wagonjwa kwa siku hawazipendi dakika hizo. Mimi nazihesabu kama kipindi cha darasani.

Na kwa kuwa tuko chuoni, acheni niwape hadithi ya homa hii, maana inawahusu kuliko mnavyofikiri. Virusi vyenyewe vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, London, kwenye vipande vya uvimbe wa watoto vilivyosafirishwa kutoka Uganda, alikokuwa akifanya kazi daktari wa upasuaji Denis Burkitt. Baadaye vikapewa majina ya Anthony Epstein na Yvonne Barr, waliokuwa kati ya waliovigundua. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kwamba virusi hivyo ndivyo vinavyoleta homa ya tezi. Mwaka 1967, Philadelphia, mfanyakazi wa maabara ya Werner na Gertrude Henle akaugua homa ya tezi, na damu yake, ambayo kabla ya hapo haikuwa na dalili ya virusi hivyo, ikabadilika. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha. Uthibitisho ulitoka Chuo Kikuu cha Yale, ambako James Niederman na wenzake walikuwa wamehifadhi damu za wanafunzi, za kabla ya kuugua na za baada. Wakazitoa kwenye barafu, wakazipima, jibu likapatikana. Ndiyo maana mtu akiniambia huduma ya afya ya chuo ni ya mafua na vyeti, namjibu kwamba huwa inategemea nani anaangalia hayo mafua na ameweka nini kwenye jokofu.

Tuje kwenye zito zaidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya watu wanaopata ugonjwa wa akili maishani, robo tatu huwa umeshaanza kabla ya miaka 24 kupita. Mwaka 2018 ukatoka mwingine, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani: karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza, vyuo 19, nchi nane, Afrika Kusini ikiwemo. Asilimia 35 walionyesha dalili za angalau ugonjwa mmoja wa akili katika maisha yao, kama sonona, wasiwasi uliopitiliza au ulevi. Zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Hesabuni watu watatu kwenye safu mliyokaa. Sisemi mtazamane.

Lakini hakuna anayeingia chumbani kwangu akasema "nina sonona". Anaingia na kichwa. Anaingia na tumbo, au na usingizi, au na koo ambalo ukilimulika ni jekundu kidogo tu. Hiyo ni tiketi ya kuingilia. Unaitazama koo kwa heshima zote, maana ndicho alicholipia nauli ya ujasiri wake, unaandika dawa, anasimama, anashika kitasa cha mlango, halafu anageuka: "Dokta, eti mtu akiwa hasikii ladha ya kitu chochote, chakula, muziki, chochote, hiyo ni vitamini?" Mashauriano yenyewe yanaanza pale penye kitasa. Nimejifunza kutogusa karatasi ya mgonjwa anayefuata mpaka mlango ufungwe kabisa.

Tunalo dodoso la maswali tisa linalotumika duniani kote kwa ajili ya sonona. Kila swali lina alama sifuri mpaka tatu, jumla haivuki 27, na anayefikisha 10 anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ni chombo kizuri, kinanikumbusha nisichotaka kuuliza. Swali la tisa ndilo hilo: je, katika wiki mbili zilizopita umefikiri kwamba ni heri ungekufa, au kujidhuru? Walimu wengi huniambia wanaogopa kulitamka, wasije wakampa mtu wazo. Halimpi. Wazo kama lipo, lipo kabla yako; wewe unampa ruhusa ya kulitua. Nimeuliza swali hilo mara nyingi sana. Sijawahi kuona mtu akishtuka kwa kuulizwa. Nimeona wengi wakipumua.

Na hapa naomba nisieleweke vibaya. Si kila huzuni ni ugonjwa. Mtu akifeli somo akalia siku tatu, hiyo ni akili inayofanya kazi. Aliyeachwa na mpenzi hahitaji kidonge. Daktari wa chuo anayetoa vidonge kwa kila chozi anafundisha kitu kibaya: kwamba maisha yenyewe ni dalili. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji kumwona mtu zaidi ya mara moja, na mara ya pili haiji kama mara ya kwanza iliharibika.

Huharibikia wapi? Dirishani, mara nyingi. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi mahali nilipofanya kazi, bila koti, nikasikiliza. Binti anafika dirishani, nyuma yake kuna watu kumi na moja, wanne kati yao wa darasa lake. Sauti ya ndani inauliza, tena kwa upole tu: "Unaumwa nini, dada?" Yule binti akafikiri. Kisha akasema, "Kichwa." Sijui kilichomleta. Najua hakikuwa kichwa. Tulibadilisha siku ile ile: karatasi ndogo, jina na namba ya usajili, na mistari mitatu, unataka nesi, unataka daktari, au ni jambo lisiloweza kusubiri. Hakuna gharama. Na lile la tatu ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu yako mambo yana saa zake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile vinavyotumika zaidi, ni ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini ni saa 72 pia, halafu zinamezwa siku 28. Binti aliyesema "kichwa" Ijumaa, akapewa panado, Jumatatu amechelewa. Kwa hiyo mtu wa mapokezi ni sehemu ya tiba, na mara nyingine ndiye sehemu kubwa.

Siri, basi. Hapa nitakaa kidogo, na nitaanza na kosa langu.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi. Mwalimu mmoja akanipigia, mtu mwema, sauti imejaa wasiwasi wa kweli. Mwanafunzi wake hahudhurii, na amesikia anakuja kwangu. Nami kwa kutaka kumtuliza nikasema: "Usijali, tunaendelea naye vizuri." Maneno manne. Wiki iliyofuata mwalimu akamkuta yule kijana kwenye ngazi, akamshika bega, akamwambia kwa upendo, "Daktari ameniambia unaendelea vizuri." Kijana hakurudi tena kwangu. Nilimtafuta, hakupokea. Sikutaja ugonjwa, sikutaja dawa, na bado nilimuuza, kwa sababu kitu alichokuwa amenikabidhi kilikuwa ni kule kuja kwenyewe.

Tangu siku hiyo jibu langu ni moja, kwa mwalimu, kwa mlezi wa wanafunzi, na kwa mama anayelia kwenye simu, ambaye ndiye mgumu kuliko wote: siwezi kusema kama mtu huyo ni mgonjwa wangu au siye. Lakini wewe niambie unachokiona. Watu husahau kipande hicho cha pili, hata madaktari. Siri inanifunga mdomo, hainifungi masikio. Mama anaweza kunieleza nusu saa nzima, nikaandika kila neno, na nisimpe chochote zaidi ya shukrani. Baadaye nitamwambia mgonjwa kwamba mama alipiga.

Sasa mtaniuliza, na ni haki yenu: je, siri haina mwisho? Ina mwisho, na mpaka wake maarufu kuliko yote ulichorwa kwa damu kwenye huduma ya afya ya chuo kikuu. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi aitwaye Prosenjit Poddar alikuwa akitibiwa na mwanasaikolojia kwenye hospitali ya chuo. Akamwambia kwamba atamuua msichana fulani akirudi kutoka safari. Hakumtaja, ila ilikuwa rahisi kumjua. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo. Polisi wakamshika, wakamwona ana akili timamu, akaahidi kukaa mbali, wakamwachia. Mkuu wa idara akaagiza barua ambayo polisi walikuwa wameandikiwa irudishwe na maandishi yateketezwe, na kwamba hakuna hatua nyingine. Hakuna aliyemwambia msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba 1969 akauawa. Wazazi wakashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu anayejua mgonjwa wake ni hatari kwa mtu mwingine ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu huyo. Maneno ya hukumu yanasema kinga ya siri inakoma pale hatari kwa umma inapoanza.

Kesi hii hufundishwa kama habari ya sheria. Mimi nikiisoma naona zaidi habari ya watu waliogawana jambo mpaka likakosa mwenyewe: mmoja alisema, wa pili alishika, wa tatu alichana karatasi. Na jambo jingine halitajwi sana: baada ya polisi kumshika, Poddar aliacha matibabu. Kwa hiyo mimi humwambia kila mgonjwa mapema, tena kabla hajanieleza chochote cha hatari: unayosema yanabaki hapa, isipokuwa nikiona unakaribia kujiua au kumdhuru mtu. Hapo nitazungumza, na nitakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia mwingine. Nimewahi kuivunja siri kwa utaratibu huo. Mgonjwa alinikasirikia sana. Alirudi.

Kuna wakati mgonjwa ni bweni zima. Homa ya uti wa mgongo ile ya bakteria wa meningokoki hupenda mabweni ya mwaka wa kwanza, na sababu yake ni rahisi. Kwa watu wazima, kama mmoja kati ya kumi hubeba bakteria hao puani na kooni bila kuumwa. Kwa vijana ni wengi zaidi. Kusanya mamia ya vijana kutoka kila pembe, walaze karibu karibu, washirikiane vikombe, na kila mmoja atakutana na aina ambayo mwili wake haujawahi kuiona. Uingereza ilianza chanjo ya kundi C la bakteria hao mwaka 1999, na mwaka 2015 ikaleta inayokinga makundi manne kwa vijana na wanafunzi wapya wa vyuo. Ugonjwa wenyewe hauna subira. Asubuhi ni kama mafua, usiku mtu anaweza kuwa amekufa. Ukiona vipele vya zambarau, bonyeza pembeni ya glasi juu yake. Visipopotea, usinipigie mimi, mpeleke hospitali.

Siku mgonjwa mmoja anapothibitika, nakuwa na kazi mbili zinazogombana. Lazima waliokaa naye karibu wapewe dawa ya kinga, haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Na lazima jina lake lisitoke. Tunataja ugonjwa, tunataja bweni, hatutaji mtu. Najua mnajua ni nani ndani ya saa moja. Lakini kujua kwenu na kutangaza kwangu ni vitu viwili, na mwenye jina akipona atarudi kuishi kati yenu.

Kuhusu vyeti nilikuwa nimekusudia kupita haraka, lakini wakuu wa vitivo mmeketi hapa mbele, nafasi hii sitaipata tena.

Kijana anakuja Jumatano kusema Jumatatu aliharisha, akakosa mtihani, anaomba cheti. Sikumwona Jumatatu. Tumbo lake Jumatano ni laini kama la mtoto aliyeshiba. Mnataka niandike nini? Nikiandika "alikuwa mgonjwa", nimesaini kitu nisichokiona. Nikikataa, pengine nimemwadhibu mtu aliyekaa chooni usiku kucha. Kwa hiyo naandika ukweli: amenieleza hivi, nilipompima leo nimekuta hivi. Mnairudisha barua hiyo na kusema haitoshi. Haitoshi kwa sababu mnaniomba niwe hakimu wa uongo, na kwenye mafunzo yangu hakuna kipimo cha uongo. Niongeze kwamba kumlazimisha mwenye mafua aje kukaa saa mbili kwenye benchi ili apate karatasi ya kukosa kipindi kimoja ni njia bora ya kuwagawia mafua waliokuja na mifupa iliyovunjika. Mwaminini mtu mzima kwa siku moja au mbili. Anayezidisha, mleteni, na mimi sitamuuliza kwanza kama alidanganya. Nitamuuliza kwa nini anaogopa mtihani ule ule kila mara. Hapo nina la kufanya.

Nimesahau kuwaambia yule kijana wa insulini aliishia wapi. Mwaka ule wa kwanza tulikubaliana kwamba mama atapigiwa simu, lakini baada ya yeye mwenyewe kukisia jibu. Mara mbili alikisia vibaya, mama akacheka kwenye spika. Kidogo kidogo simu ikaacha kutoka mfukoni. Mwaka wa pili alizidiwa usiku wa kuamkia mtihani, sukari ikashuka, na mwenzake wa chumbani akajua la kufanya kwa sababu kijana mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Sikuitwa. Nilisikia wiki mbili baadaye, kwa bahati.

Muhula wa mwisho alikuja kuchukua barua ya kuhamisha matibabu. Hii nayo ni kazi yetu, na tunaifanya ovyo kuliko zote: mtu anavaa joho, anapiga picha, anaondoka, na faili lake linabaki kwenye kabati. Nilimwandikia kurasa mbili kwa ajili ya daktari atakayefuata, nikampa asome kabla sijasaini. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Katikati ya ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa umekosea, dokta. Usiku ni kumi na nane. Umeandika kumi na sita."

Nikafungua faili. Kumi na nane. Nikampa kalamu, akasahihisha mwenyewe, nami nikaweka saini pembeni.

Karibuni maswali.